Sura ya Nne: Mizani ya Pamba

Mwulize mtoto yeyote wa shule TANU ilizaliwa lini, atakujibu kabla hujamaliza swali: tarehe 7 Julai 1954, Dar es Salaam. Hajakosea. Lakini Sabasaba ile ilikuwa kama siku ya kumtoa mtoto nje. Majirani wanaitwa wamwone na kutajiwa jina lake, ilhali mwenyewe amekwisha kulia usiku mwingi ndani ya nyumba. Katika sura hii nataka tuingie ndani ya nyumba hiyo kwa mlango wa upande wa Ziwa Victoria, kwenye vituo vya kununulia pamba vya Kwimba, Maswa na Geita, miaka ya 1940 ikiishia. Naamini chama cha siasa katika Jimbo la Ziwa kilianza kupumua pale, mbele ya mizani.

Jimbo la Ziwa la wakati huo lilikuwa kubwa. Lilianzia Bukoba magharibi, likazunguka ziwa hadi Musoma na Tarime, likashuka kusini hadi Shinyanga, na makao yake makuu yalikuwa Mwanza. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo pamba ya Usukuma ikawa na njia ya kufika baharini. Pamba ndiyo iliyolipa kodi, ikanunua baiskeli na bati, ikaongeza ng'ombe zizini.

Mkulima alipanda mvua zilipotulia, akapalilia, akavuna kiangazi kilipoingia. Jioni familia nzima ilikaa kuchambua, safi huku, fifi kule. Safi ni pamba nyeupe isiyo na doa. Fifi ni ile iliyochafuka au kuliwa na wadudu, na bei yake ilikuwa ya chini. Kisha mzigo ulibebwa kichwani, au kwa punda, hadi kituoni. Hapo alikutana na mnunuzi mwenye kibali, mara nyingi mfanyabiashara wa Kihindi au wakala wake, aliyekusanya pamba na kuipeleka kwenye jineri.

Bei ilipangwa na serikali, kwa hiyo kubishana juu ya bei kulikuwa kazi bure. Kilichobaki ni uzito. Karani alisoma mizani, akatamka idadi ya ratili, akahesabu senti. Mkulima aliyekuwa hajui kusoma aliangalia mshale ukitikisika na hakuwa na namna ya kuukanusha. Malalamiko yaliyojaa Usukuma nzima yalikuwa ya namna moja: ratili zinakatwa, uzito wa gunia unazidishwa, safi inaitwa fifi. Mtu aliyebeba mzigo kwa saa kadhaa anajua uzito wake shingoni. Anapoambiwa ni mwepesi kuliko anavyoujua, hilo ni jambo la heshima yake pia, mbali na senti.

Na huyu ndiye mkulima aliyekuwa akiandamwa na amri nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya, ambako watemi wa Usukuma walikutana katika shirikisho lao. Watu wakaamriwa kulima kwa matuta, kupunguza mifugo, kung'oa mashina ya pamba na kuyachoma kwa tarehe iliyowekwa. Nyingine kati ya amri hizo zilikuwa na maana ya kilimo. Wataalamu wa leo bado wanahimiza mashina yang'olewe ili wadudu wasivuke msimu. Lakini zilikuja kama faini na kifungo, na watekelezaji wake walikuwa mtemi na wanangwa wake, yaani wakuu wa vijiji. Aliyezoeleka kuwa baba wa nchi akaonekana kuwa mkono wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni. Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiya, msomi wa Makerere, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945 pamoja na Mangi Abdiel Shangali wa Machame, nao walikuwa Waafrika wa kwanza humo. Hata Kidaha, kwa uwezo wake wote, hakuweza kumsemea mkulima na serikali kwa wakati mmoja.

Ndipo anapoingia Paul Bomani. Alizaliwa Musoma mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kisabato, akafanya ukarani kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui. Mwaka 1947, akiwa na miaka 22, akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa mjini Mwanza. Kazi hiyo ilimfundisha vitabu vya hesabu. Kutoka dukani aliona kwamba mwenye duka mdogo na mkulima wanaugua ugonjwa mmoja, akaanza kuzunguka vijijini. Mwaka 1950 wakulima wakaunganishwa katika chama chao cha Jimbo la Ziwa, na dai lao la kwanza lilikuwa dogo kiasi cha kushangaza: turuhusiwe kuweka mpimaji wetu kando ya mizani ya mnunuzi.

Nataka msomaji asimame hapa kidogo, maana ndipo penye kiini cha sura hii. Ili mpimaji asimame pale, watu walipaswa kumchagua kijana anayejua kusoma na asiyehongeka. Walipaswa kuchanga senti za kumlipa, daftari liwepo la kuandika michango, na mtu wa kulitunza daftari. Ilibidi kuitisha mkutano wa kusikia hesabu, na kumwondoa mwenye kula pesa. Kijiji kimoja kikifanya hivyo ni kikundi. Vijiji mamia vikifanya hivyo, kwa utaratibu uleule na kwa viongozi wanaofahamiana kutoka Sengerema hadi Meatu, hicho ni chombo ambacho serikali ya kikoloni haikuwa imekiona katika eneo hilo. Bado hakina bendera wala wimbo, lakini kina kila kitu ambacho chama cha siasa hukihitaji ili kiishi.

Kutoka kupima wakaenda kununua. Vyama vya msingi viliandikishwa, Bomani akapelekwa Uingereza kusoma ushirika huko Loughborough, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Likaanza kujenga na kununua majineri yake lenyewe. Miaka ya 1950 ilipokwisha, pamba yote ya wakulima wa ukanda huu ilikuwa ikipita mikononi mwa ushirika wao, na shirikisho hilo likahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika nzima.

Nimesoma mengi kuhusu vyama vya siasa vya kwanza vya Marekani, na kila mara narudi kwenye mizani hii ya Usukuma. Katiba ya Marekani iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 haitaji chama cha siasa hata mara moja. Waandishi wake waliviona vyama kuwa maradhi. James Madison, mwaka huohuo, aliandika makala ndefu juu ya namna ya kuzuia makundi yasiiteke nchi. Thomas Jefferson aliandika mwaka 1789 kwamba kama njia ya kuingia mbinguni ingekuwa chama tu, yeye asingekwenda. Miaka michache baadaye wote wawili walikuwa viongozi wa chama.

Kilichowabadilisha kilikuwa hesabu ya pesa. Askari waliopigania uhuru walilipwa hati za ahadi badala ya fedha. Wengi, kwa njaa, waliziuza kwa walanguzi kwa sehemu ndogo tu ya thamani yake. Mwaka 1790 Waziri wa Fedha, Alexander Hamilton, akapendekeza kwamba mwenye hati mkononi alipwe thamani yote iliyoandikwa, na ikapitishwa. Mlanguzi wa New York akapata faida, na askari aliyelima shamba lake Virginia akatazama. Mwaka 1791 ikaja benki ya taifa. Madison na Jefferson wakapinga, wakaanza kuandikiana barua na rafiki zao wa majimbo mengine, wakasaidia gazeti la Philip Freneau lianzishwe ili kulijibu gazeti la upande wa Hamilton. Freneau alikuwa mshairi, na Jefferson alimpa kazi ya ukalimani wizarani ili apate mkate. Wafederali upande mmoja, Warepublikani wa Jefferson upande mwingine. Hakuna aliyetangaza kwamba leo tunaanzisha chama. Watu waligombana juu ya nani amepunjwa, na ugomvi ukahitaji daftari, gazeti na wajumbe.

Tofauti moja ni kubwa, na sitaki kuipita. Wamarekani wale waligombana wao kwa wao, wakiwa tayari na nchi yao, na wengi wao wakiwa na watumwa ambao hawakuhesabiwa kuwa na sauti yoyote. Wasukuma na majirani zao waligombana na mtawala wa kigeni. Chama cha aina hiyo hujiona kuwa watu wote dhidi ya mgeni, na kujiona hivyo kuna matokeo yake, kama tutakavyoona.

Kuna watu watasema kwamba ushindani wa makundi mawili ni mgeni katika nchi yetu, kwamba Mwafrika hukaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane. Wanaosema hivyo hawajahudhuria ngoma ya Wasukuma. Tangu karne ya kumi na tisa Usukuma umegawanyika katika jamii mbili kubwa za wachezaji, Bagika na Bagalu, zinazofuata waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Ukienda Bujora, pale Kisesa nje kidogo ya Mwanza, kwenye sherehe za Bulabo za mwezi wa sita, utawaona hadi leo. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja. Wengine wanacheza na nyoka, wengine wanatimua vumbi kwa majembe. Hakuna majaji mezani. Watazamaji wanahama wenyewe, huku na kule, na kundi lililovuta umati mkubwa zaidi mpaka mwisho ndilo lililoshinda. Kila kundi lina dawa zake za kuvutia watu, lina manju wake anayetunga nyimbo za kuwasema wapinzani, na lina wafuasi wanaovuka mipaka ya himaya za watemi. Mgika wa Nera na Mgika wa Bukwimba hawakuwa na mtemi mmoja, lakini walikuwa wa upande mmoja.

Hiyo ni shule ya siasa ya ushindani, iliyokuwapo kabla karani yeyote wa kikoloni hajatamka neno uchaguzi. Ina wafuasi wa hiari, ina kampeni, na ina kushindwa bila kuuana, maana mwaka unaofuata mnakutana tena uwanjani. Pamoja nayo vijiji vilikuwa na vikundi vya vijana vya kulima kwa zamu, chini ya kiongozi waliyemwita nsumba ntale, waliyemweka wenyewe. Waliotembea na madaftari ya ushirika hawakukuta watu wasiojua kujipanga.

Mjini Mwanza, wakati huohuo, palikuwa na chombo cha pili: tawi la TAA, Chama cha Waafrika wa Tanganyika. Chama hicho kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, na kwa muda mrefu kilikuwa cha makarani, walimu na wafanyabiashara wa mijini, watu wa koti na barua rasmi. Tawi la Mwanza la miaka ya mwanzo ya 1950 lilikuwa na watu wa moto zaidi. Saadani Abdu Kandoro, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa mshairi, na shairi lake la siafu wanaomtoa nyoka pangoni lilieleweka na kila aliyelisikia bila kuhitaji ufafanuzi. Isaac Bhoke Munanka, Mkuria wa Tarime, aliacha ukarani wa serikali ili aifanye siasa kuwa kazi yake. Bomani naye alikuwamo, akiongoza pia Umoja wa Wasukuma. Hao walikuwa na jambo ambalo wenzao wa Dar es Salaam hawakuwa nalo. Walipoandika risala, nyuma yao palikuwa na wakulima waliokwisha zoea kuchanga.

Kwa masimulizi aliyoyakusanya mwanahistoria Mohamed Said, hata swali la nani aongoze TAA lilivuka ziwa. Hamza Mwapachu, mmoja wa vichwa vya chama hicho, alikuwa amehamishiwa Nansio, kisiwani Ukerewe, mbali na jiji. Abdulwahid Sykes, kiongozi mwenzake, alifunga safari kutoka Dar es Salaam kumfuata huko kumwomba ushauri kuhusu mwalimu kijana wa Butiama aliyerudi kutoka Edinburgh. Nikipita na feri kwenda Nansio huwaza safari hiyo: garimoshi hadi Mwanza, kisha chombo cha majini, ili kumwuliza mtu mmoja kama Julius Nyerere anafaa. Aprili 1953 Nyerere alichaguliwa rais wa TAA.

Serikali ilishtuka upesi. Mwaka 1953 watumishi wake walikatazwa kujiunga na vyama vya siasa, na kwa kuwa karibu kila Mwafrika aliyesoma alikuwa mtumishi wa serikali, katazo hilo lilikuwa kama kukata ngazi mtu akiwa juu. Dar es Salaam liliumiza sana. Ukanda wa Ziwa uliumia kidogo, kwa sababu watu wake wenye kujua kusoma walikuwa wameajiriwa na wakulima wenyewe. Mwaka 1954 ikaja Sheria ya Vyama, iliyotaka kila tawi liandikishwe na Msajili. Julai hiyo wajumbe 17 wakaiunda TANU, na watano kati yao, Kandoro miongoni mwao, walitoka Jimbo la Ziwa. Hakuna jimbo jingine la bara lililopeleka wengi hivyo, mbali na lile lililokuwa mwenyeji wa mkutano. Kabla mwaka haujaisha, kufuatia mkasa mmoja katika tawi la Malampaka, serikali ilikataa kuyaandikisha matawi ya TANU ya Usukuma. Chama kilichokuwa halali nchini kikawa haramu mahali kilipokuwa na nguvu kuliko kwingine.

George Washington, mwaka 1794, alivilaumu hadharani vikundi vya wananchi vilivyojiunda vyenyewe, akivihusisha na uasi wa wakulima wa magharibi ya Pennsylvania waliokataa kodi ya pombe yao ya nafaka. Neno lake la kulaumu lilikuwa hilo hasa: kwamba vimejiunda. Msajili wa Tanganyika miaka 160 baadaye alikuwa na wazo lilelile, ila yeye alikuwa na fomu.

Katazo lilidumu karibu miaka minne, na ndilo lililothibitisha kwamba chama si kibao mlangoni. Ushirika ulikatazwa kufanya siasa, na Bomani, ambaye gavana alikuwa amemteua kuingia Baraza la Kutunga Sheria, alienda kwa tahadhari kubwa kiasi kwamba baadhi ya wenzake walimshuku. Lakini mikutano ya hesabu iliendelea, wapimaji waliendelea kuzunguka, na habari zilisafiri na magunia. Mjini Mwanza wanawake walificha kadi za TANU, wakatumia ngoma na shughuli zao kupitisha ujumbe. Askari angewezaje kujua kikao cha arusi na kikao cha chama vinatofautiana wapi? Ng'ambo ya pili ya ziwa, Bukoba, ambako Umoja wa Wahaya ulikuwapo tangu 1924 na vurugu za kahawa za 1937 hazijasahaulika, Ali Migeyo wa Kamachumu alizunguka na kuhutubia mpaka akafungwa, akatoka, akaendelea.

Mwaka 1958 mambo yalifurika Geita. Gavana Edward Twining alitaka mabaraza ya wilaya ya mseto, Waafrika, Wazungu na Waasia pamoja, hata katika wilaya ambayo Wazungu na Waasia wake wangeweza kukaa kivulini pa mti mmoja. Geita ikapewa baraza hilo bila kuulizwa. Wakulima walilipokea kama walivyozipokea amri za matuta na mifugo, ila safari hii walivuka. Umati mkubwa ulivuka ghuba hadi Mwanza, ukaketi mjini kwa siku kadhaa ukitaka kusikilizwa na mkuu wa jimbo. Anayepita leo kwa dakika chache juu ya daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, ajaribu kufikiri watu wale wakisubiri vyombo ufukweni wakiwa na chakula cha njiani kwenye vikapu. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi. Watu hawakurudi nyuma. Walirudi Geita na kukataa kulitii baraza.

Miezi hiyohiyo Nyerere alikuwa mahakamani Dar es Salaam, akishtakiwa kwa kashfa kwa sababu ya alichoandika juu ya maofisa wa wilaya katika Sauti ya TANU, jarida lililochapwa kwa stensili. Alitetewa na wakili maarufu wa London, D. N. Pritt. Hukumu ilitoka Agosti: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa kwa michango. Wamarekani waliipitia njia hii pia. Mwaka 1798 chama cha Wafederali, kikiwa madarakani, kilipitisha Sheria ya Uchochezi, na mbunge wa Vermont, Matthew Lyon, akafungwa miezi minne kwa maandishi yake dhidi ya Rais John Adams. Wapiga kura wake walimchagua tena akiwa ndani ya gereza. Miaka miwili baadaye Adams alishindwa, na Jefferson akaapishwa Machi 1801.

Gavana mpya, Richard Turnbull, aliyefika Julai 1958, alisoma alama za nyakati. Mabaraza ya mseto yaliachwa, na kabla ya mwaka kwisha matawi ya TANU yakaruhusiwa Usukuma. Hapakuwa na haja ya kuyajenga upya. Yalitolewa tu kutoka mahali yalipokuwa yamewekwa. Chama ambacho Twining alikipa moyo tangu 1956, UTP, kilikuwa na fedha na watu wazito, lakini hakikuwa na mpimaji hata mmoja kijijini. Katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959, ambao TANU iliamua kuuingia katika mkutano wa Tabora, uamuzi tunaouita Uamuzi wa Busara, UTP ilifutika. Mwaka 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya viti vyote havikuwa na mpinzani. Kile kimoja cha Mbulu alikipata Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwana-TANU aliyesimama peke yake.

Mtu akishinda hivyo, ni rahisi kuamini kwamba chama na nchi ni kitu kimoja. Zuberi Mtemvu, aliyejitenga Tabora mwaka 1958 na kuunda ANC, aligombea urais mwaka 1962 akapata kura 21,276, dhidi ya zaidi ya milioni 1.1 za Nyerere. Mwaka uliofuata Mwalimu aliandika kijitabu juu ya demokrasia na mfumo wa vyama, akisema kwamba pale ambapo chama kimoja kinajumuisha taifa zima, demokrasia ina msingi imara kuliko penye vyama viwili vinavyoshindana kama timu za mpira. Hofu yake ya makundi ni ileile ya Washington, ambaye katika waraka wake wa kuaga wa 1796 aliwaonya Wamarekani na moto wa vyama. Washington alionya tu, akaenda shambani kwake. TANU ilikuwa na bunge na sheria mkononi. Mwaka 1962 ilipitishwa sheria ya kuweka watu kizuizini bila mashtaka, na mwaka 1965 katiba ikaifanya TANU kuwa chama pekee Tanzania Bara.

Namheshimu Mwalimu kwa mengi, na hofu yake ya ukabila na udini ilikuwa na sababu. Lakini hapa naona alikosea, na naona mwana wa Butiama, aliyekulia jirani na watu wa Bagika na Bagalu, alikuwa na ushahidi karibu naye kwamba watu wanaweza kugawanyika pande mbili kwa nguvu zao zote na jioni wakarudi njia moja. Waliokatazwa na Msajili mwaka 1954 walijua ladha ya kukatazwa. Miaka kumi na moja baadaye wao ndio waliokuwa wakikataza.

Lakini wakulima hawakuacha kupima. Katika uchaguzi wa Septemba 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, kila jimbo liliruhusiwa wagombea wawili, wote wa TANU. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Bomani alikuwa Waziri wa Fedha, mtu mkubwa kuliko wote waliotoka kwenye vituo vya pamba. Shirikisho lake la ushirika lilikuwa limekua haraka mno. Wakulima walinung'unikia makato yasiyoelezwa, watumishi wengi kupita kiasi, hesabu zisizosomwa mkutanoni. Manung'uniko yaleyale ya ratili zilizokatwa, safari hii dhidi ya mizani yao wenyewe. Huko Mwanza walimnyima kura, akaanguka. Mwaka uliofuata serikali iliunda kamati ya kuchunguza ushirika nchi nzima, na shirikisho la Victoria likawekwa chini ya uangalizi, kisha mwaka 1968 likageuzwa kuwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza.

Nyerere alimteua Bomani arudi bungeni na serikalini, na mwaka 1972 akampeleka kuwa balozi Washington. Alikaa huko hadi 1983. Alikuwapo Richard Nixon alipojiuzulu Agosti 1974, alikuwapo Jimmy Carter alipomshinda Gerald Ford mwaka 1976, na Ronald Reagan alipomshinda Carter Novemba 1980. Nyumbani, mwaka 1976, vyama vyote vya ushirika wa mazao vilivunjwa kwa amri ya serikali, Nyanza pamoja navyo. Oktoba 1980, siku chache kabla ya ushindi wa Reagan, wakulima wa Kwimba walipanga foleni na kupewa tena karatasi yenye jembe na nyumba. Pamba ya msimu huo walikuwa wameiuza kwa Mamlaka ya Pamba, na kando ya mizani hapakuwa na mpimaji waliyemchagua wao.